Sentimita Mbili na Nusu

Pascaline alipima boti ile mara tatu, na mara zote tatu hakuandika kitu.

Watu waliokuja kutazama walikuwa wamekaa ufukweni, wengine wakitafuna miwa, na kila alipoinuka walinyamaza wakingoja namba. Yeye alikunja tepi, akaikunjua, akajifuta jasho la shingo kwa ncha ya kitenge, akainama tena. Boti ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya magogo mawili, tumbo juu, mpya kabisa, haijapata hata rangi ya pili. Aliyeiunda alikuwa Byamungu, mdogo wake wa tumbo moja. Aliyekuwa ashike usukani wake siku ya Jumamosi, siku ya mashindano, alikuwa Orpa, binti wa Pascaline mwenyewe.

"Mama fundi, unaishonea gauni hiyo boti?" akauliza mvuvi mmoja, na wenzake wakacheka.

"Ningekuwa nakushonea weye ningekuwa nimeisha kumaliza," Pascaline akajibu bila kuinua uso. "Kwako hakuna cha kupima."

Wakacheka zaidi, na yule mvuvi mwembamba akavuta shati lake chini.

Kazi hii ya kupima boti Pascaline hakuiomba. Miaka mitatu nyuma mzee Kezironi, sajini mstaafu wa kambi ya jeshi ya Mbarara, aliyewahi kutumika na kikosi cha majini, alileta mashindano ya boti ndogo za tanga kwenye ziwa Nakivale, kando ya makazi ya wakimbizi. Boti za plaiwudi, mita nne, watu wawili ndani. Kambi ile ya jeshi ilileta mbili zake, na wakimbizi waliotoka maziwa ya kwao Kongo wakaunda za kwao. Kezironi akaandika kanuni, kurasa nne, ili boti zote zilingane, na atakayeshinda ashinde kwa kuujua upepo. Kanuni zikataka mpimaji. Wakongomani wakasema hawapimwi na mwanajeshi. Watu wa kambi wakasema hawapimwi na fundi mbao anayeunda boti za wenzake. Wakabishana mpaka Kezironi akauliza, "Nani anashona matanga?" Wakamwambia ni Mama Orpa. "Anashona ya nani?" Ya wote, kambi na wakimbizi. "Kuna mtu analia tanga yake ni ndogo?" Hakuna aliyelia. "Basi mpimaji ni huyo. Mambo yamekwisha."

Shule Pascaline aliishia darasa la nne, kule Baraka, mji wa kwao Kongo, lakini tepi aliisoma vizuri kuliko watu wengi wanavyosoma Biblia. Alijifunza cherehani kwa shangazi yake, na shangazi alimfundisha kuweka vidole viwili chini ya tepi anapopima kiuno cha mtu, ili nguo isije ikambana akishiba. Kwenye boti ilimbidi kuviondoa vidole vile. Mwezi wa kwanza mkono wake ulikuwa ukivirudisha wenyewe, naye anaukemea. Tangu hapo hakukosea tena. Boti kumi na mbili zilikuwa zimepita mikononi mwake, na hata waliokataliwa waliondoka wakimwamkia.

Jambo moja tu hakumwambia mtu. Pascaline aliogopa maji. Mwaka walipokimbia kwao Fizi walipanda boti iliyojaa kupita kiasi kuvuka ziwa Tanganyika, na boti ikapinduka ng'ambo ya pili, karibu kabisa, wanawaona watu wa nchi kavu wakiwapungia mikono. Orpa alikuwa na miaka minane, amening'inia shingoni mwa mama yake. Bernardine, mdogo wake Pascaline, alikuwa upande wa pili wa boti. Boti ilibaki tumbo juu, ikakataa kurudi, na waliokuwa chini yake walibaki chini yake. Bernardine hakuonekana tena. Tangu siku ile Pascaline ana tabia ya kuhesabu watu, kanisani, sokoni, popote, na hesabu isipolingana chakula hakimshuki.

Na katika watoto wote wa Nakivale, ni wake yeye aliyependa maji. Orpa alianza kwa kumshikia mjomba wake mbao, akaishia kwenye usukani. Pascaline hakumkataza, hakumruhusu. Alimshonea jaketi la kuelea, mshono mara mbili, na kila Jumamosi ya mazoezi alibeba kazi yake ya mkono akaenda kukaa ufukweni, akihesabu matanga.

Sasa boti hii. Kanuni ya kumi na moja ilisema hivi: katikati ya boti, mzunguko kutoka ukingo mpaka ukingo, kupitia chini, usipungue sentimita mia mbili na kumi. Maana yake ni rahisi. Boti nyembamba hukimbia, lakini hupinduka upesi, na kanuni inataka kila boti iwe na tumbo. Boti kumi na mbili za kwanza zilikuwa na tumbo la mviringo, kama la mwanamke mjamzito. Ukiivuta tepi au ukiilaza, namba ni ile ile. Lakini Byamungu alijifunza kazi Baraka, na mafundi wa Baraka huubonyeza ubao ndani kidogo pande zote mbili za mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, kabla haujafura kwenda ubavuni. Wanasema boti isiyo na shimo lile inalia kwenye mawimbi. Byamungu hakufikiria kanuni. Mkono wake ulifanya kama ulivyofunzwa, na katika kila shimo ngumi ya mtoto ingelala.

Tepi ikivutwa ikakaza, ilipita juu ya mashimo kama daraja, na ikasoma mia mbili na nane na nusu. Ikisukumwa kwa vidole mpaka ilale juu ya ubao wote, ilisoma mia mbili na kumi na moja. Kanuni haikusema tepi ivutwe au ilazwe.

"Yaya, iko ngapi?" Byamungu aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma ya huyo yaya, dada yake mkubwa, mikono imejaa gundi.

"Ngoja."

"Nangoja tangu asubuhi. Batu banangoja. Iko ngapi?"

Akamwonyesha yote mawili, kuvuta na kulaza. Byamungu akaangalia, uso ukafunguka.

"Basi ni mia mbili kumi na moja! Metre ifuate ubao. Ukivuta vile, unapima hewa."

"Nikipima mama kifua, sisukumi metre mu shimo katikati ya maziwa, Byamungu. Naipitisha juu. Nikisukuma, gauni litamukataa."

"Boti haina maziwa!"

Ufuko mzima ulicheka, na Byamungu mwenyewe akacheka, kisha akaacha ghafla.

"Onyesha fasi kanuni imekataza shimo. Haiko. Kisichokatazwa ni ruhusa."

"Ama kile hakijaruhusiwa kimekatazwa," akasema askari mmoja aliyekuwa akilinda boti za kambi, ameegemea ukuta wa banda. "Sisi kwetu ni hivyo."

"Kwenu nani alikuuliza?" Byamungu akamrukia.

"Munyamaze bote!" Pascaline akakunja tepi akaitia kifuani. "Leo siandiki. Leo ni Jumanne tu."

Akaondoka, na nyuma yake akasikia mabishano yakichemka upya. Kilichomfukuza pale hakikuwa kelele. Tepi iliposoma mia mbili na nane na nusu mara ya kwanza, kitu kilimlegea kifuani, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Boti imekataliwa, Orpa atabaki nchi kavu. Alikuwa amefurahi. Kisha akaona furaha yake, ikamtia hofu, ndipo akapima mara ya pili, na ya tatu. Mkono wake wa ufundi ulisema tepi ivutwe, naye moyoni alitamani vivyo hivyo. Sasa angejuaje kama ni ufundi uliosema, au ni woga uliovaa nguo za ufundi?

Nyumbani alimkuta Orpa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Habari zilikuwa zimemtangulia. Nakivale habari hazina miguu lakini hazichelewi.

"Mama, banasema haukuandika."

"Sijaandika."

"Juu ya nini?" Orpa hakuacha kutwanga. "Kama imekataa, andika imekataa. Mujomba atalia siku mbili, ataunda ingine. Kama imepita, andika imepita. Lakini hii ya kunyamaza, mama, batu banaanza kusema unaficha juu ya ndugu yako."

"Baseme."

Mchi ulishuka mara tatu, nne. Kisha Orpa akausimamisha kinuni, akamtazama mama yake.

"Ama unaficha juu yangu. Mama, weye unapima boti, ao unapima woga yako?"

Angeweza kumchapa kofi. Orpa alikuwa na miaka kumi na tisa, lakini kwa Pascaline hakuna mtoto aliyepita umri wa kofi. Mkono uliinuka kidogo, ukaishia kumwondolea mtoto jani la sombe lililomkaa shavuni.

"Twanga," akasema. "Haijalainika."

Kesho yake, Jumatano, alikwenda Mbarara.

Mzee Kezironi aliishi mtaa wa Nyamityobora, nyumba ya vyumba vitatu yenye kibaraza, na kibarazani mkewe Provia aliuza nyanya na vitunguu. Pascaline alimkuta mzee amesimama mbele ya meza, anapiga shati pasi ya mkaa. Tangu ajue kutembea na bunduki, Provia alipenda kusema, huyu mtu hajawahi kumwachia mwanamke kola yake.

"Nyabo! Karibu, mama, kaa," Kezironi alisema. "Provia, leta maji, mgeni ametoka mbali. Sasa wewe unakuja mpaka hapa, simu hapana?"

"Simu haina macho, muzee. Nilitaka kukuona ukijibu."

"Eh. Sasa hiyo ni kesi." Akaiweka pasi kando. "Sema."

Alikuwa amejipanga njiani. Aliamua asitaje boti ya nani. Akauliza tu, kama mtu anayeuliza habari za watu wa mbali: boti ikiwa na shimo karibu na mkuku, kanuni ya kumi na moja inataka tepi ivutwe au ilazwe?

Kezironi akamtazama, kisha akamtazama mkewe, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Boti mpya Nakivale iko moja. Ya Byamungu. Nyabo, unaficha ng'ombe ya Ankole nyuma ya kikapu, pembe zote ziko nje!"

Pascaline akaona aibu, lakini akamaliza. Akamwambia namba zote mbili. Akamwambia vilevile jinsi fundi wa nguo anavyopima kifua.

Mzee akaigeukia pasi yake, akapuliza makaa. Alichokuwa akifikiria Pascaline alikijua vizuri. Boti moja ya kambi ilishikwa na Mackline, binti yake Kezironi wa mwisho, naye alishinda miaka miwili mfululizo. Mwaka huu wavuvi wote walisema mtu wa kumshinda ni Orpa peke yake. Kezironi alihitaji kutamka neno moja tu, "ivutwe," na Jumamosi ingekwisha kabla haijaanza. Yeye ndiye aliyeandika kanuni. Nani angembishia?

"Mkono yako inasema kuvuta," alisema hatimaye.

"Ndiyo, muzee."

"Basi kwa nini hapana andika?"

Pascaline alitazama glasi ya maji aliyopewa. Hakuwa amelipanga jibu hili.

"Kwa sababu nilifurahi," akasema. "Metre ilikataa boti ya mtoto wangu, na mimi nilifurahi. Ninaogopa maji, muzee. Ndugu yangu alibaki chini ya boti tukikimbia kwetu. Mutu mwenye kufurahi hawezi kupima."

Provia aliyekuwa akipanga nyanya aliacha kupanga.

"Wewe unaenda kukaa pale unaangalia," Provia alisema polepole. "Mimi hata kuangalia siwezi. Huyu mzee akipeleka Mackline kwa maji, mimi nashika sufuria, najifanya napika. Jumamosi moja nilipika maharagwe bila maharagwe. Maji tupu, chumvi iko ndani."

"Ulinipa mchuzi ile siku," mzee akasema. "Nilikula!"

Wakacheka wote watatu, na Pascaline akajikuta anapangusa macho. Kezironi akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Sikiza, mama. Mwaka wa kwanza, wewe hujakuwa mpimaji, kulikuwa na boti nyembamba, nyembamba kama panga. Ikapinduka, watu wawili wakairudisha, ikakataa. Wakairudisha, ikakataa. Wakakaa juu ya tumbo yake mpaka wavuvi wakaja. Hakuna mtu alikufa, lakini mimi usiku ule sikulala. Asubuhi nikaandika kanuni ya kumi na moja. Unaelewa? Sikuandika kwa sababu napenda sentimita. Niliandika ili boti ikianguka, irudi."

"Ndiyo."

"Sasa nimeandika vibaya. Sikusema tepi inalala namna gani, kwa sababu sikufikiria mtu wa Baraka na mashimo yake. Jeshini, kama oda haieleweki, kosa ni ya yule alitoa oda. Huwezi kupiga askari. Leo nikisema vuta, watu watasema mzee anasaidia mtoto wake. Wewe ukisema laza, watasema unasaidia wako. Kwa hiyo tunaacha tepi. Tunauliza boti yenyewe."

"Tunaiuliza namna gani?"

Alikwisha kujua, lakini alitaka kusikia.

"Kesho asubuhi, tunapindua. Watu wake wawili tu, hakuna mtu mwingine anagusa. Mpimaji anahesabu kwa sauti mpaka mia mbili. Ikirudi kabla, imepita. Ikikataa, imekataa, hata kama tepi inasema mia tatu. Na si hiyo peke yake. Boti zote zinapinduliwa, ya Mackline ya kwanza." Akachukua daftari, akaandika, akapiga mstari chini. "Na kanuni ya mwaka ujao itasema tepi ivutwe. Soma. Kama iko sawa, tia sahihi."

Pascaline alisoma kila neno, kidole chini ya mstari. Alikuja Mbarara kutafuta mtu wa kumwondolea uamuzi, na alichopewa ni kusimama ufukweni amwangalie Orpa akienda chini ya boti. Lakini kwenye karatasi ile hakuona kosa. Akatia sahihi.

Alhamisi ziwa lilikuwa limetulia kama bati. Wavuvi wawili walikaa na mitumbwi yao upande wa mafunjo kuangalia viboko. Ufukweni watu walijaa kuliko Jumapili kanisani, na Pascaline alisimama mbele yao, miguu kando ya maji, karatasi mkononi.

Mackline na mwenzake walipinduka kwanza, wakacheka hata kabla ya kuzama, na boti ikarudi hesabu ikiwa sitini na nne. Boti ya pili ya kambi na zile za wakimbizi zikafuata. Moja ilirudi kwenye tisini, moja ilisumbua mpaka mia na thelathini. Sauti ya Pascaline ilikuwa imara, namba moja baada ya nyingine, kama cherehani.

Kisha akaja Orpa, pamoja na Gaju, msichana mwenye mikono mifupi na kicheko kirefu, ambaye ndiye aliyekuwa akishika kamba za tanga. Wakasukuma boti mpaka penye kina, wakaning'inia upande mmoja, boti ikalala. Tanga likagusa maji, likajaa, likazama, na boti ikaendelea kugeuka mpaka ikawa tumbo juu, mashimo ya Byamungu yanang'aa juani.

"Moja," alianza Pascaline. "Mbili. Tatu."

Gaju akapanda juu ya tumbo la boti, akashika mkuku, akajivuta nyuma kwa uzito wake wote. Akateleza, akaanguka majini. Akapanda tena. Orpa haonekani.

"Thelathini na nane. Thelathini na tisa."

Orpa haonekani. Ameingia chini kulegeza kamba ya tanga, kila mtu pale alijua. Ndivyo walivyofunzwa, na wengine wote walikuwa wamefanya hivyo hivyo.

"Arobaini. Arobaini na moja."

Namba iliyofuata haikuja. Aliitafuta, haikuwepo. Alichoona mbele yake ni tumbo la boti, limekaa kimya juu ya maji, na maji yaliyokuwa baridi magotini, kisha mapajani, kisha kiunoni, kitenge chake kimeelea pembeni kama jani la yungiyungi.

"Mama Orpa!" Sauti ya Kezironi ilipasuka kama ya gwaride. "Hapana gusa! Ukigusa, boti imekwisha!"

Akasimama. Mkono ulikuwa umenyooka mbele, lakini boti ilikuwa bado mbali, hatua ishirini au zaidi. Na pale, upande wa pili, kichwa cha Orpa kikatokea, kikatema maji.

"Mama, rudi! Rudi kule!" akapiga kelele. Kisha akapanda pamoja na Gaju, wakavuta wote wawili, na boti ikaanza kuinuka ubavu, polepole, ikamwaga maji, ikasimama.

Ufuko ukalipuka kwa vigelegele. Byamungu akaruka akamkumbatia yule askari wa kambi aliyebishana naye Jumanne, naye askari akamkumbatia bila kufikiri. Pascaline akatoka majini, nguo zimemganda mwilini. Karatasi alikuwa nayo bado, imelowa nusu.

"Mimi nilihesabu moyoni," Kezironi alisema kwa sauti ya chini. "Haikufika mia moja na hamsini. Andika, mama. Imepita."

Alishika kalamu. Mbele yake watu walingoja, na nyuma yake Orpa na Gaju walikuwa wakikausha boti kwa kopo.

"Nilinyamaza," akasema.

"Yaya!" Byamungu akasema. "Yaya, tafazali."

"Karatasi imeandika mpimaji anahesabu kwa sauti. Nilifika arobaini na moja, nikanyamaza. Hakuna mutu hapa anajua nilinyamaza ngapi." Akamgeukia Kezironi. "Ingekuwa boti yako imerudi vile, muzee, watu wetu wangekubali hesabu ya moyoni?"

Kutoka kwenye kundi la kambi mtu mmoja alisema, "Ni kweli," na mwingine akamwambia nyamaza.

Hapo ndipo Pascaline alipoliona tena lile tamanio la Jumanne, limekaa palepale, linamngoja. Angeweza kuandika kwamba hesabu imekatika, jaribio halikufaulu. Lingekuwa neno la kweli, hakuna ambaye angelibishia, na Jumamosi Orpa angekaa naye ufukweni. Hata Orpa asingemlaumu zaidi ya alivyokwisha kumlaumu. Alisimama nalo kidogo. Kisha akaweka viganja mdomoni, akaita kuelekea majini.

"Orpa! Pinduweni tena!"

Orpa akaacha kopo. "Mama, ni weye unasema vile?"

"Ni mimi! Hesabu ilikufa, ni kosa yangu. Na safari hii Gaju asipande mbele, anateleza pale fasi iko nyembamba. Apande katikati. Nimemuona."

Gaju akaangalia chini ya miguu yake, akapiga paja. "Mama Orpa anaona kila kitu!"

"Mapumziko muchukue kwanza," Pascaline akasema. "Mupumue."

Walipumua. Kisha wakaning'inia, boti ikalala, tanga likazama, tumbo likaja juu. Gaju akapanda katikati. Orpa akashika ukingo, akatazama ufukweni mara moja, akavuta pumzi, akaingia chini.

Pascaline alihesabu. Alihesabu kwa sauti ambayo wavuvi wa upande wa mafunjo waliisikia, na ilipofika arobaini na moja ilikatika kidogo, kama uzi unaopita kwenye fundo, ikaendelea. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Hamsini, kichwa hakuna. Hamsini na nne, kichwa kikatoka. Sabini, wote wawili wako juu. Tisini, ubavu umeinuka. Mia moja na tatu, boti ilisimama, na Pascaline, asijue, akaendelea mpaka mia moja na saba, mpaka Provia, aliyekuja na mume wake na kukaa nyuma kabisa amefunika uso kwa kanga, alipomshika bega akamwambia, "Imetosha, nyabo. Wako wawili, wote wako."

Akaandika namba zote tatu: mia mbili na nane na nusu kwa kuvuta, mia mbili na kumi na moja kwa kulaza, mia moja na tatu kwa hesabu. Chini yake akaandika neno moja, imepita, akatia sahihi. Baada ya hapo akakaa juu ya gogo, maji yakimchuruzika.

Byamungu akaja akachuchumaa karibu naye.

"Yaya, mwaka kesho shimo niache, ao nizibe?"

"Mwaka kesho," Pascaline akasema, "uniulize mbele ya kukata mbao."